Kondoo wa Mchoraji

Maneno yalianzia kwenye mashine ya kusaga pale Buseresere, na unga ulikuwa bado wa moto yalipofika sokoni: Nkwabi akikuchora, huna muda. Davis alichorwa akifa, na Davis kafa. Kwenye kitabu kuna mwingine anayefuata, na huyo mwingine ana uso wa dada yake.

Dada yake ni Elieth. Aliyasikia kwa masikio yake, kasimama kwenye foleni na ndoo ya mahindi, wanawake wawili mbele yake wananong'ona kwa ile sauti ya mtu anayetaka asikike. Mmoja akageuka, akamwona, akaanza kujikohoza.

"Malizia tu, Mama Loveness," Elieth akamwambia. "Umeshafika kwenye uso wangu."

"Aka, mwanangu! Sisi tunaongea mambo ya mvua."

"Mvua nayo ina uso?"

Mama Loveness akacheka kicheko cha aibu, akavuta ndoo yake mbele. Elieth akasaga, akajitwika, akaenda zake. Lakini lile neno hakulitua. Alifua nalo, alipika nalo, alisali rozari nalo. Hakuliamini hata kidogo, na bado alijikuta amesimama mbele ya kioo anajipapasa mashavu, kama mtu anayehakikisha vitu vyake vyote bado vipo.

Na angesimama vipi asiogope? Davis alikuwa mdogo wake wa pekee. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mcheshi, nyusi ya kushoto imekatwa na kovu la kuanguka mwembeni. Siku moja aliaga anakwenda kumwona rafiki yake Geita. Aliporudishwa alikuwa kwenye turubai, maana duara, yaani lile shimo wanalochimbia dhahabu, lilikuwa limemfukia yeye na wenzake wawili. Hakuna aliyejua alikwenda kutafuta nini humo. Mama yake, Mama Elieth, alilia mpaka sauti ikakatika, na ilipomrudia ikawa inauliza swali lile lile: mwanangu alifuata nini huko chini?

Nkwabi naye alikuwa mchumba wa Elieth. Alikuwa na chumba nyuma ya steshenari moja karibu na barabara ya Biharamulo, na humo ndani alichora vitabu vya picha kwa kalamu nyeusi, akavidurufu, akavibana kwa pini, wanafunzi wa sekondari wakawa wanagombania. Vilikuwa vitabu vya kutisha. Ndani yake jua limezimwa, wenye nacho wanalinunua kwa kipande, na wasio nacho wamehamishiwa chini ya ardhi. Watoto wanazaliwa kwenye mashimo, hawapewi majina, wanapewa namba mgongoni. Mtu akilia wanakuja wenye vikopo kukinga machozi, kwa sababu maji ya kule ndiyo hayo. Wamama wengi walilalamika. Watoto wetu hawalali, walisema, wanaacha taa inawaka. Lakini watoto wenyewe ukiwauliza wanapendea nini, wanakujibu: humo ndani kuna kijana anayepanda juu kulitafuta jua.

Kijana yule alikuwa na nyusi iliyokatwa. Na kwenye kitabu cha mwisho alikufa.

Elieth alimkuta Nkwabi kakaa kwenye kigoda mbele ya meza tupu. Kwa kawaida meza ile ilikuwa haionekani kwa karatasi. Alipomwona alisimama haraka, macho yakang'aa kwanza, kisha yakashuka chini, kama mtu aliyekumbuka kuwa hana haki ya kufurahi.

"Karibu, mama watoto," alisema. Ndilo jina alilomwita tangu wachumbiane, na siku zote Elieth alikuwa anamrushia kanga usoni. Siku hiyo hakumrushia.

"Nkwabi, umenichora?"

"Nani kakwambia?"

"Nimekuuliza wewe."

"Nimekuchora mara nyingi. Ukipika, ukisuka, ukinuna. Hasa ukinuna, maana hapo hutikisiki." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamfia mdomoni. "Unauliza kwenye kitabu?"

"Wanasema mimi ndiye ninayefuata."

"Na wewe unasemaje?"

Elieth akakaa kitandani, akaangalia mikono ya Nkwabi. Mikono ile aliipenda kuliko sura yake. Ilikuwa na wino kwenye kucha usiotoka hata kwa sabuni ya mche, na ilikuwa na tabia ya kumgusa taratibu sana, kama anayeogopa kumchafua.

"Mimi nasema nataka kujua kwa nini ulimchora mdogo wangu amekufa, hali alikuwa bado hai. Kwetu huo ni uchuro. Kwenu siyo?"

"Ni uchuro hata kwetu. Nilimwambia. Aliniomba yeye, Elieth. Alikuja hapa, akakaa hapo hapo ulipokaa, akaniambia kaka, usimwache huyu kijana arudi nyumbani tu hivi hivi, muue, watu walie. Nikamwambia Davis, huyu ana uso wako. Akacheka. Akasema ndiyo vizuri, nitajiona nikililiwa."

"Mungu wangu."

"Kuna na lingine."

"Basi, usiniambie."

"Nikikuoa bila kukuambia, nitakuwa nakulaza na uongo kitanda kimoja." Alivuta pumzi. "Alikuwa ananicheka. Akasema giza langu ni la uongo. Kaka, wewe hujawahi kushuka, unachora giza la chumbani, giza la kuzima taa. Akasema atashuka aone la kweli likoje, arudi anisimulie. Nikadhani maneno ya kitoto. Nikamwambia haya, ukirudi utanisimulia. Ndivyo nilivyomjibu. Haya, ukirudi utanisimulia."

Nje pikipiki zilipita, moja ikapiga honi, mtu akamtukana mwenye honi. Elieth alisikia vyote hivyo kwa mbali. Swali la mama yake lilikuwa limepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa mbele yake linalia bila sauti.

Alitaka kumchukia, hakuweza. Akanyanyuka, akamfuta macho kwa ncha ya kanga.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu. Hukumtuma. Sikiliza, Nkwabi. Baba mkubwa Mayala alipiga simu jana. Alikuwa amekataa kabisa habari ya ndoa, amesema hawezi kupokea ng'ombe wa mchawi. Sasa amelainika. Amesema ukimletea kondoo kwake Didia, wa kusafisha msiba, yataisha."

Nkwabi akakaa tena kwenye kigoda.

"Kondoo tu," Elieth akaendelea, amemshika mikono yote miwili. "Mbele ya wazee, uwape pole, ule nao, watu waone huna kinyongo. Wenye midomo watafunga. Halafu posa inapokelewa."

"Alisema nimtume mtu, au nimlete mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mkono wako. Ndiyo heshima."

"Nishike kamba mimi mwenyewe, toka mnadani mpaka mlangoni kwake."

"Sasa wewe kamba nayo inakutisha? Ni kondoo, siyo fisi!"

Nkwabi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, macho yakitembea taratibu toka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, kama alivyokuwa akimtazama anapotaka kumchora, ila safari hii hakugusa kalamu.

"Na wewe unataka nimlete?"

"Mimi nataka tuoane."

"Basi nitamleta," alisema.

*

Jumamosi hiyo Didia kulikuwa na upepo mkavu unaopeperusha makapi ya mpunga. Nyumbani kwa Mzee Mayala waliketi wazee kwenye viti, vijana kwenye magogo, na wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Mzee Mayala alikuwa kaka wa marehemu baba yake Elieth, na tangu baba afe yeye ndiye mwenye sauti. Mkono wa kulia alikuwa na fimbo, mkono wa kushoto simu ya tochi ambayo hakuiweka mfukoni hata alipokuwa anasali.

Elieth alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku ya posa. Alijiambia akilivaa leo litaleta heri. Mama yake alikuwa pembeni yake, mweusi tii kwa nguo za msiba, hasemi.

Nkwabi alitokea njiani peke yake. Hakuwa na mjomba, hakuwa na kaka, maana alilelewa na bibi tu, na bibi alishakufa. Shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi, na mkononi kamba, na kwenye kamba kondoo dume mnene aliyegoma kila hatua chache. Watoto walianza kucheka. Mzee mmoja akawakemea, wakanyamaza. Elieth alishangaa kidogo. Kondoo akigoma si jambo la kuchekesha?

Nkwabi alifika, akapiga goti moja.

"Mwadila, baba."

"Mwadila," Mzee Mayala alijibu salamu ya mchana. Hakumwambia akae. "Umetoka wapi na mnyama huyu?"

"Nimemnunua mnadani, baba. Nimemleta kwa ajili ya msiba wa Davis."

"Kamba hii imeshikwa na nani njia nzima?"

"Na mimi."

"Hakuna aliyekupokea hata hapo barabarani?"

"Hakuna, baba. Nimeishika mimi."

Wazee wakatazamana. Kisha upande wa wanawake bibi mmoja akajishika kichwa, akapiga yowe la msiba, lile refu, kana kwamba Davis ameletwa kwenye turubai mara ya pili. Wanawake wengine wakadakia. Elieth akageuka huku na huku hajui kinacholiliwa.

"Mama, kuna nini? Mama!"

Mama yake hakumwangalia.

Mzee Mayala akasimama. "Mmesikia wenyewe. Sikumlazimisha, sikumpiga, sikumpeleka kwa mganga. Kondoo wa pole anashikwa na mtu wa kati. Kondoo anayeletwa na mkono wa mtu mwenyewe, huyo ni wa mwenye damu. Huyu kijana kajitaja. Mimi sina neno juu yake, amesafisha, aende kwa amani. Lakini binti yangu haolewi na mkono huo."

"Baba mkubwa!" Elieth alisimama, kanga ikaanguka. "Ulisema yataisha!"

"Yameisha, ng'wanawane, mwanangu."

"Ulisema ni heshima!"

"Ni heshima. Wangapi wanaua na hawaji?"

"Hakuua! Nkwabi, waambie! Waambie mimi ndiye niliyekwambia, waambie hukujua!"

Watu wote walimgeukia Nkwabi. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Neno moja tu, sikujua, lingeweza kuwafanya wazee wakune vichwa, labda wakae kikao kingine, labda waitwe wazee wengine. Nkwabi alimwangalia Mama Elieth, yule mama mweusi kwa nguo, aliyekuwa sasa amemkazia macho kwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema, "nisamehe."

Akamfunga kondoo kwenye nguzo ya kibanda, akafunga fundo vizuri lisije likamkaba, akaondoka kwa njia ile ile.

*

Elieth alimkimbilia. Shangazi zake walimshika, akawaachia kanga mikononi mwao, akafika barabarani peku. Nkwabi alikuwa kasimama upande wa magari ya Kahama, manyoya ya kondoo yamemganda kwenye shati.

"Ulijua," alimwambia, anahema. "Nimeona macho yako pale. Ulijua maana ya ile kamba."

"Bibi yangu alizaliwa hapa hapa Didia, Elieth. Ningeachaje kujua?"

"Sasa kwa nini ulimleta?"

"Uliniomba."

Elieth akampiga kifuani kwa viganja viwili. "Mjinga wewe! Ungeniambia! Ungesema Elieth, acha, hujui unachosema! Mimi nimekulia Buseresere, mambo ya kondoo nayajulia wapi?"

"Ningekwambia, ungeniambia nisimlete. Nisingemleta, mama yako angekufa hajui nani aliyempeleka mwanawe shimoni. Sasa anajua, au anadhani anajua. Ana mtu wa kumlaumu. Nimeona leo ameinua macho."

"Na mimi je?"

Nkwabi akamsogelea. Alinyoosha mkono akamtoa kapi la mpunga kwenye nywele, akalishika katikati ya vidole, hakulitupa.

"Twende wote," Elieth alisema. "Twende hata Nkome, ziwani, tuanike dagaa. Sihitaji posa. Sihitaji mtu."

"Mama yako amebakiwa na nani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Davis hayupo. Ukiondoka na mimi, ni huyo huyo aliyemchukua Davis amekuja kumalizia. Utalala, Elieth? Kila ukiniangalia?"

Elieth alifungua mdomo aseme nitalala. Neno halikutoka. Alikumbuka kile kioo, na vidole vyake mwenyewe vikipapasa mashavu, na akaona kwamba Nkwabi amekiona kile kimya. Kwenye kile kimya ndipo walipoachana. Basi lilikuja baadaye tu.

Lilisimama, kondakta akaanza kupiga bati. "Kahama, Kahama! Kaka unapanda au mnafunga ndoa?"

Nkwabi akapanda.

*

Jioni Elieth alimkuta mama yake jikoni, hakuwasha moto. Alikaa naye kwenye mkeka.

"Mama, ulijua kuhusu kamba?"

"Nilijua."

"Na ulinisikia nikiongea na baba mkubwa kwenye simu, nikisema ndiyo baba, nitamwambia, ndiyo baba."

"Nilikusikia."

"Mbona hukuniambia?"

Mama Elieth alikunja pindo la gauni lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilitaka iwe kweli," alisema. "Mwanangu amefukiwa na udongo, na udongo huwezi kuulaumu, hauna jina. Nikasema kama ni yule kijana, basi nitapata wa kumchukia, nitapumzika. Leo kaja, kaniita mama, kaniomba msamaha." Akaliachia pindo. "Na sijapumzika, Elieth. Nimempoteza na yule."

Wakalia, kila mmoja wa kwake, bega kwa bega, hata moto wa chakula hakuna aliyewasha.

Habari za Nkwabi zilikuja vipande vipande. Yuko Nkome. Anapaka rangi na kuandika majina kwenye mitumbwi. Herufi tu. Mtu akimwomba amchoree hata samaki, anasema hajui kuchora. Buseresere vitabu vyake vilikusanywa na wazazi, vingine vikachomwa nyuma ya soko, na Elieth alikuwepo, na hakusema kitu. Watoto walisimama mbali wanaangalia. Msichana mmoja wa sekondari alimvuta mkono akamuuliza kama yule kijana alifika juu, kama aliliona jua kabla hajafa, kwa sababu yeye alikuwa hajamaliza kusoma. Elieth akamwambia hajui. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kukisoma kitabu hata kimoja mpaka mwisho. Alivitazama tu kwa kuwa vilitoka kwenye mikono ile.

Basi wewe binti unayesoma, na wewe mama mwenzangu, yaepukeni haya:

Usitoke na neno mashineni ukaenda nalo moja kwa moja kwa mpenzi wako.

Usimwache mtoto asome mambo ya giza peke yake. Soma naye, hata kama unasoma kwa kutamka herufi moja moja. Muulize ameona nini humo, na anataka kwenda wapi.

Usichome kitabu ambacho hujakisoma.

Mtoto akikwambia maneno ya hatari, usimjibu "haya".

Usitimize mila usiyoijua maana yake kwa sababu tu aliyekuagiza ni mkubwa wako. Muulize. Akikasirika, muulize tena kwa adabu.

Mama, usinyamaze ukitafuta wa kumchukia.

Usimwombe mtu abebe kosa ambalo wewe mwenyewe huliamini, ili upate harusi. Anayekupenda kweli atalibeba.

Na ukishamwacha akaenda, usimpigie simu kumuuliza kama amekula.